Elimu ya Falaki, Kompyuta za Nyumbani na Mwezi wa Idi

Maandishi ya mhadhara wa Ramadhani 1447, uliotolewa baada ya futari, Brussels, Jumapili tarehe 8 Machi 2026. Yamenakiliwa kutoka katika sauti, na mhadhiri ameyapitia mwenyewe.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, Mwenye kuupitisha usiku na mchana kwa hesabu isiyokosea. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake wote. Amma baad.



Nawaona hapa watu wa Unguja na Pemba, wa Mombasa na Lamu, wa Ngazija, wa Buyenzi na Kigoma, na ndugu zetu wa Kasongo. Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, na awarehemu waliofunga nasi mwaka jana na leo wako chini ya ardhi.

Mada ya usiku huu huenda ikawashangaza wengine. Nitazungumza juu ya programu za kompyuta zinazoonyesha nyota, mwezi na safari za angani. Programu ambazo mtu huzipata bure na kuziweka katika kompyuta ya nyumbani. Nimeichagua mada hii kwa sababu mbili. Kwanza, siku kumi zijazo tutautafuta mwezi wa Idi, na nyote mnajua yaliyotupata mwaka jana. Pili, mimi nina deni. Deni hilo nililikopa mbele za watu, katika ukumbi huu huu, na si haki kulilipa faraghani.

Niwakumbusheni kisa. Jumamosi tarehe 29 Machi 2025, iliyokuwa siku ya 29 ya Ramadhani kwa walioanza kufunga tarehe 1, jua lilipatwa. Hapa Brussels ilikuwa karibu na saa sita mchana, na sehemu ya jua ikamegwa. Wengine mlilitazama kwa miwani maalumu, na wengine hamkujua mpaka mlipoambiwa. Jioni tulikusanyika kusubiri habari. Mzee mmoja tunayemheshimu akasimama na simu mkononi, akatusikilizisha ujumbe wa sauti kwamba mwezi umeandama na kesho ni Idi. Watu wakaanza kutoa takbiri.

Ndipo kijana mmoja wa miaka kumi na saba, aliyekaa pale nyuma na kompyuta mapajani, akainua mkono. Akasema kwa adabu, na nayakumbuka maneno yake: "Sheikh, samahani. Mchana tumeuona mwezi ukilifunika jua. Maana yake walikuwa mahali pamoja. Tangu wakati ule mpaka jua lilipozama hapa ni saa saba tu. Mwezi wa saa saba hauonekani kwa macho." Akaigeuza kompyuta yake ili tuone.

Nami nilimjibu nini? Nilisema: "Kijana, funga hilo sanduku lako. Dini haipigwi falaki."

Watu wakacheka. Kijana akafunga kompyuta yake. Asubuhi tuliswali Idi, na yeye hakuja. Hakuja Ijumaa iliyofuata, wala Ijumaa nyingi baada ya hapo.

Ndugu zangu, sijutii kwamba tuliswali Jumapili. Saudi Arabia ilitangaza Idi Jumapili, Oman ikatangaza Jumatatu, na kila nchi ina wenye mamlaka yake na ijtihadi yao. Kanuni ya mafakihi ni kwamba hukumu ya hakimu huondoa khitilafu, na mtu aliyefuata jamaa yake hana lawama. Ninalojutia ni lile neno. Nililiita elimu jambo ambalo sikuwa nimelisoma, nikalipa jina la ushirikina, ili nisionekane kuwa sijui mbele ya watoto.

Neno hilo nililitoa wapi? Nililitoa nyumbani. Kwetu Pemba, na pwani yetu kwa jumla, ukisema fulani anapiga falaki, watu wanafahamu kwamba anatazamia. Anahesabu majina na nyota za watu, anasema huyu aolewe na yule, au safari hii ina nuhusi. Falaki imewekwa kapu moja na ramli na bao. Basi mtoto wa Kipemba akisikia mtu anataja nyota na hesabu, moyo wake unaruka kwa mganga.

Lakini neno lenyewe ni la Qur'ani. Katika Sura ya Yasin, aya ya 40, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kwamba jua haliupati mwezi wala usiku hautangulii mchana, na kila kimoja kinaogelea katika falaki, yaani katika njia yake ya mzunguko. Katika Sura ya Rahman, aya ya 5, anatufahamisha kuwa jua na mwezi huenda kwa hesabu. Na katika Sura ya Yunus, aya ya 5, anataja vituo vya mwezi, na hekima yake ni sisi tujue idadi ya miaka na hesabu. Wanavyuoni wakatofautisha mambo mawili. Kuna tanjimu, yaani kudai kwamba nyota zinaendesha riziki na ajali za watu. Hiyo ni haramu. Na kuna elimu ya falaki, yaani kujua mwendo wa jua na mwezi kwa ajili ya nyakati na kibla. Hiyo wakaihesabu katika faradhi za kutosheleza. Ibn al-Shatir, mmoja wa mabingwa wakubwa wa falaki katika karne ya 14, alikuwa muwakiti wa Msikiti wa Bani Umayya kule Damascus. Kazi yake ilikuwa kupima nyakati za sala, na mwaka 1371 aliutengenezea msikiti ule saa ya jua. Elimu hii ilikaa ndani ya msikiti.

Tena na sisi watu wa bahari tunaijua. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi. Hakusoma skuli hata siku moja, lakini ukimwamsha usiku wa manane angekwambia mwezi una siku ngapi, na kama kesho ni bamvua au maji mafu, maana mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hujaa sana na kutoka sana. Wakulima wetu walikitazama Kilimia, lile kundi dogo la nyota, na jina lenyewe linatokana na kulima. Manahodha wa majahazi walikwenda kwa nyota, na Ahmad ibn Majid wa Oman, katika karne ya 15, aliandika juu ya njia za bahari zinazofika mpaka pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Baba yangu hakuiita kazi yake falaki, na lau ningemwambia anapiga falaki angenikasirikia. Alikuwa akihesabu tu, kama yule kijana.

Nirudi kwa kijana. Mwezi wa Novemba nilikutana na mama yake katika hitima. Nikamuuliza habari za mwanawe. Akainamisha kichwa, akaniambia: "Sheikh, mwanangu hakuukataa msikiti. Amefedheheka." Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka ni mara ngapi nimesimama hapa kulalamika kwamba vijana wetu wa Ulaya wanapotea. Huyu hakupotea. Huyu mimi nilimfukuza.

Nikaenda kwao Anderlecht. Nikamwomba msamaha sebuleni mbele ya wazazi wake, kisha nikamwomba jambo jingine: anifundishe. Akaniuliza, "Sheikh, kweli?" Nikamwambia, "Kweli, na nimekuja na kompyuta yangu." Ile kompyuta ina umri wa miaka tisa, na kila ikiwashwa inalalamika kama punda wa Lamu aliyezidishiwa mzigo.

Akaniwekea programu iitwayo Stellarium. Ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa mmoja, Fabien Chéreau, na tangu hapo watu wengi wamejitolea kuiendeleza. Haiuzwi, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuitumia, kuisoma ilivyotengenezwa na kumpa mwenzake. Mimi nilipofahamishwa hivyo niliona inafanana na wakfu: mtu amechimba kisima na kamba ameiacha hapo hapo. Ukishaipakua mara moja, unaweza kuitumia bila intaneti. Unaiambia uko mji gani na ni saa ngapi, nayo inakuonyesha anga la mahali pale wakati ule: zaidi ya nyota laki sita, sayari, jua na mwezi. Unaweza kurudi nyuma karne nyingi au kwenda mbele. Unaweza pia kuitaka ikuchoree makundi ya nyota kama alivyoyaeleza Abdulrahman al-Sufi, mwanachuoni wa karne ya 10, katika kitabu chake cha nyota zisizohama.

Akaniambia, "Sheikh, chagua tarehe yoyote." Nikanyamaza kidogo. Kisha nikamwambia: "Tupeleke Madina, mwaka 632, tarehe 27 Januari, asubuhi."

Mnajua kwa nini. Katika mwaka wa 10 wa Hijria, Mtume, sala na amani zimshukie, alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto wa Bibi Maria, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili. Siku ile jua likapatwa, na wanahesabu huinasibisha siku hiyo na tarehe niliyoitaja. Kijana akaandika tarehe, akausogeza wakati. Tukaliona jua la Madina likichomoza, na kidogo kidogo likaanza kuliwa, mpaka sehemu yake kubwa ikawa giza.

Ndugu zangu, kisa kile nimekisomesha miaka mingi. Nilikisoma nikiwa mwanafunzi, tena katika mji ule ule wa Madina. Lakini kukiona pale sebuleni Anderlecht kulinitoa machozi. Fikirini. Mzazi ametoka kumlaza mwanawe kaburini. Macho yake yanabubujika. Watu wanalitazama jua linazimika, wanasema: jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim. Lau angekuwa mtu wa kujitafutia utukufu, angenyamaza tu, nao wangeamini. Yeye akasimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake, na mkiona hivyo basi swalini na mumwombe Mola wenu. Katika saa ya msiba wake mkubwa, hakukubali anga lisemewe uongo kwa heshima yake.

Na mimi, ninayehubiri Sunna yake, nilikubali anga lisemewe lisilo kweli ili heshima yangu isipungue mbele ya kijana wa miaka kumi na saba. Hapo ndipo nilipoiona sura ya kosa langu.

Sasa niingie katika fiqhi, maana wapo watakaouliza: Sheikh, unataka tufunge kwa kompyuta? Hapana. Asili katika madhehebu yetu ya Shafii ni kuuona mwezi, au kukamilisha siku thelathini. Hadithi zimethibiti kwamba tufunge kwa kuuona na tufungue kwa kuuona, na kwamba Mtume aliusifu umma wake wa wakati ule kuwa si watu wa kuandika wala kuhesabu, akaonyesha kwa vidole kuwa mwezi huwa 29 au 30. Jicho la Bedui jangwani likatosha, na hiyo ni rehema.

Lakini kuna masuala mawili tofauti, na mara nyingi tunayachanganya. La kwanza: je, hesabu peke yake inatosha kuthibitisha mwezi? Jamhuri ya wanavyuoni wamesema haitoshi, wachache wamesema inatosha. La pili: je, shahidi akisema ameuona mwezi, na hesabu ya uhakika inasema haiwezekani kuonekana, ushahidi wake unakubaliwa? Imamu Taqiyuddin al-Subki, mmoja wa vigogo wa Shafii, aliyefariki mwaka 756 Hijria, alisema ushahidi huo unarudishwa. Kwani sharti la ushahidi ni kuwa jambo linaloshuhudiwa linawezekana, na shahidi anaweza kukosea au kudanganyika macho. Wapo wakubwa wa madhehebu waliompinga, na siwafichi hilo. Lakini tazameni: kauli ya yule kijana ilikuwa kauli ya Subki, naye hakujua. Mimi niliyemsoma Subki ndiye niliyeiita bao.

Jambo jingine nililojifunza ni mpaka wa chombo chenyewe, na kijana ndiye aliyenionya. Stellarium itakuchorea mwezi angani hata kama hakuna binadamu anayeweza kuuona. Kuwepo mwezi juu ya upeo si kuonekana kwake. Baada ya kukutana na jua, mwezi unahitaji muda wa kujitenga nalo. Rekodi inayokubaliwa na wataalamu ya mtu kuuona kwa macho matupu ni mwezi wa saa 15 na nusu hivi, na mara nyingi unahitaji zaidi. Kuna programu nyingine ya bure, Accurate Times, iliyotungwa na mhandisi Mohammad Odeh kwa ajili hiyo hasa: nyakati za sala, kibla, na uwezekano wa kuuona mwezi. Basi chombo kinakwambia lipi ni muhali na lipi linawezekana. La kuona hasa limebaki kwa macho yako na anga la Mola wako, na Brussels mnaijua kwa mawingu yake.

Chombo hiki kimenifafanulia na ugomvi wetu mwingine, ule wa ratiba za Alfajiri wakati wa kiangazi. Misikiti mingi huhesabu Alfajiri jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo. Mimi nilikuwa nadhani misikiti inayotofautiana ni ya wazembe. Kijana akaniweka Brussels, usiku wa tarehe 21 Juni, akaniambia tulifuate jua chini ya ardhi. Likashuka mpaka nyuzi 16 kasoro kidogo, kisha likaanza kupanda. Halikufika 18 usiku kucha. Na hali hiyo hudumu kuanzia mwisho wa Mei mpaka katikati ya Julai. Ile alama waliyoipima mafakihi wa nchi za joto haipo hapa siku zile, na kila jamaa imelazimika kukadiria kwa ijtihadi. Leo Ramadhani iko majira ya baridi na siku ni fupi. Itazunguka mpaka Juni tena, na watakaoongoza misikiti hii wakati huo ni hawa watoto wanaochezea kompyuta sasa. Tusipowafundisha leo, watagombana kama sisi.

Tena hesabu hii inaweza kupimwa na mtu yeyote. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa za Makka, jua husimama juu ya Al-Kaaba. Hapa kwetu ni saa tano na dakika 18 asubuhi. Toka nje, simamisha fimbo, lielekee jua: umeelekea kibla. Hutokea tena tarehe 15 au 16 Julai, saa tano na dakika 27 asubuhi kwa saa zetu. Angalia katika programu, kisha angalia nje. Vikilingana, moyo unatulia.

Vijana wananiuliza habari za safari za angani, na hapo pia nimepata somo. Programu iitwayo Celestia, iliyoanzishwa na Chris Laurel mwaka 2001, inakuchukua mpaka kwenye mwezi na sayari, ugeuke uitazame dunia ilivyo ndogo. Na iko nyingine iitwayo Orbiter, iliyotungwa na Martin Schweiger tangu mwaka 2000 akiwa chuo kikuu kimoja cha London. Hiyo inakuweka katika kiti cha rubani wa chombo cha anga. Nilikirusha mara tatu, na mara tatu kikaanguka. Kijana akacheka, na safari hii nilistahiki. Akanieleza: "Sheikh, chombo kikiwa angani hakisukumwi muda wote. Kinaanguka, lakini kinakwenda mbele kwa kasi kiasi kwamba kila kikianguka, dunia nayo inapinda chini yake." Nikaikumbuka aya ya Yasin na lile neno la kuogelea, nikasema Subhanallah.

Akaniuliza kwa nini roketi hupenda kurushwa karibu na Ikweta. Kwa sababu dunia yenyewe inazunguka, na pale Ikweta inakupa mwendo wa bure wa kilomita 1,670 kwa saa, hali hapa Brussels ni kama 1,050 tu. Nami nikawa na la kumfundisha, maana hakuwa akijua kwamba pwani yetu imo katika historia hiyo. Karibu na Malindi, Waitalia walijenga jukwaa la kurushia roketi juu ya bahari, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza ya aina yake. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kijana aliyezaliwa Ubelgiji akanitazama kama aliyepewa zawadi. Akasema, "Kumbe na sisi tumo."

Naam, mwanangu, na sisi tumo. Na Uislamu umo. Mwanamfalme Sultan bin Salman alipanda angani mwezi wa Juni 1985, Ramadhani ikimalizika. Sheikh Muszaphar wa Malaysia alikwenda mwaka 2007, Oktoba, ndani ya Ramadhani, na maulamaa wa nchi yake wakamwandikia mwongozo wa sala na saumu. Maana kule chombo huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na jua huchomoza na kuzama mara kumi na sita kwa siku moja. Fakihi asiyejua falaki angemwandikia nini?

Sasa nije katika jambo lililo mbele yetu. Mwaka huu wengine miongoni mwetu walianza kufunga Jumatano tarehe 18 Februari, na wengine Alkhamisi tarehe 19. Sifungui mjadala ule tena. Kurayb alitoka Sham akamweleza Ibn Abbas mjini Madina kwamba kule waliuona mwezi usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas akamjibu kuwa wao waliuona usiku wa Jumamosi, nao wataendelea kwa mwono wao. Miji miwili, siku mbili, na hakuna aliyemwita mwenzake jina baya.

Lakini tazameni hesabu. Mwezi utakutana na jua usiku wa kuamkia Alkhamisi tarehe 19 Machi, saa nane na dakika 23 za usiku kwa saa za hapa. Kwa walioanza Jumatano, siku yao ya 29 ni Jumatano tarehe 18. Jioni hiyo, hapa Brussels, mwezi utakuwa umezama kabla ya jua. Basi kukija ujumbe wa simu kwamba umeonekana, tutamshukuru aliyeuleta kwa upole, na tutakamilisha thelathini. Idi yao itakuwa Ijumaa tarehe 20. Kwa walioanza Alkhamisi, siku ya 29 ni Alkhamisi tarehe 19. Jioni hiyo mwezi utabaki juu baada ya jua kuzama, una umri wa saa 16 na nusu, mwembamba kama ukucha. Huenda mwenye jicho kali akauona anga likiwa safi, huenda asiuone. Ukionekana, Idi yao nao ni Ijumaa. Mwaka huu tulioanza siku mbili mbalimbali huenda tukaswali Idi safu moja.

Kwa hiyo nawaalika nyote, waliofunga Jumatano na waliofunga Alkhamisi, twende jioni ile pamoja, wazee kwa watoto, mahali palipo wazi upande wa magharibi. Leteni darubini mwenye nayo. Mwezi ukikataa kuonekana, tutakuwa tumetazama upande mmoja, na hilo peke yake ni jambo tulilolikosa miaka mingi. Kisha mjiandae: Jumatano tarehe 12 Agosti, jioni, kabla ya jua kuzama, jua litapatwa hapa na sehemu yake kubwa sana itafunikwa. Tutaswali sala ya kupatwa kwa jua, kwa jamaa, in shaa Allah. Na tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote katika mji wa Makka. Watoto wanaweza kuyaona yote mawili leo usiku nyumbani, katika kompyuta zao.

Nimalizie deni langu. Yule kijana yuko hapa. Jina lake silitaji, kwa kuwa ameniomba nisilitaje. Ndiye aliyewawekea picha ya anga ukutani usiku huu. Mwanangu, nilikukosea mbele ya watu hawa, na mbele ya watu hawa nasema: ulikuwa na elimu, nami nilikuwa na sauti. Nisamehe. Na nyinyi mliocheka siku ile, mlicheka kwa sababu niliwafungulia mlango wa kucheka. Basi nendeni mkampe mkono.

Wazee wenzangu, mtoto akija na jambo msilolijua, mwulizeni kabla ya kumnyamazisha. Mwambieni, nionyeshe. Neno hilo moja halipunguzi heshima ya mzee hata chembe, nami ni shahidi.

Ewe Mola wetu, tusamehe maneno tuliyoyatupa bila elimu. Warudishe nyumbani kwako vijana waliokimbizwa na ndimi zetu. Utuonyeshe mwezi wa Idi tukiwa na amani, afya na umoja, sisi na jamaa zetu walioko nyumbani. Uwarehemu wazazi wetu waliozihesabu nyota baharini ili sisi tule. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.